Zidaka Nyuma ya Kitanda cha Mgeni

(Mhadhara kwa vijana wanaoongoza wageni na wafanyakazi wa hoteli, uani kwa Ngome ya Lamu)

Asalaam alaikum. Sogeeni huku kivulini, jua la saa nne hapa Amu, yaani Lamu, halina muhali. Ngome hii ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, na hadi 1984 ilikuwa jela. Kwa hiyo nawashukuru mliokuja leo kwa hiari yenu.

Nimeambiwa niseme juu ya sanaa iliyomo katika hoteli na mikahawa yetu. Aliyenialika, nadhani, alitaka picha za ukutani. Zipo. Shela, kijiji jirani kisiwani humu, wachoraji kutoka Ulaya huja, huchora majahazi na punda, na picha nyingine hubaki kwenye hoteli za ufukweni. Hoteli ya Peponi imekuwa pale tangu 1967, na huku mjini Petley's, aliyoianzisha Mwingereza Percy Petley, inatazama bahari karibu na jumba la makumbusho. Picha hizo mgeni huziona mwenyewe, hana haja na mimi wala nyinyi. Mimi nataka kusema juu ya ukuta zilikotundikwa.

Nilianza kazi ya hoteli kwa kutandika vitanda. Nyumba ilikuwa ya kale, ya matumbawe, na nyuma ya kitanda kikubwa kulikuwa na zidaka, vishubaka vya lipu ya chokaa ukutani, kutoka sakafuni hadi karibu na boriti. Kila asubuhi nilizipangusa kwa kitambaa nilichokifunga kwenye fimbo, na kila asubuhi nilizilaani, maana vumbi la chokaa halimaliziki. Siku moja akaja fundi mzee kuziba ufa. Akanitazama nikisukuma ile fimbo, akasema, "Mwanangu, pangusa kwa kidole." Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kidaka kimoja, kisha cha pili. Havikuwa sawa. Waridi la huku lilikuwa na jani limelala kidogo, la kule limesimama. Mtu alikaa hapa na kisu, lipu ingali na unyevu, akakata moja baada ya moja kwa mkono. Miaka miwili nilikuwa nikizipita bila kuziona.

Ndiyo maana nimewaita nyinyi, sikuwaita wenye hoteli. Wengi wao hukaa mbali. Watu wa mtaani hawaingii, wanaona hoteli si mahali pao, na ukweli ni kwamba mlinzi mlangoni huwaonyesha hivyo hivyo. Mgeni hulala siku tatu akaondoka. Abakiye na ukuta ule mwaka mzima ni mwenye ufagio na mwenye sinia.

Sasa tuingie nyumbani. Nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni, na baraza zake, halafu tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, halafu kiwanda, uwanja ulio wazi juu. Kutoka hapo msana wa tini, msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu, ya chini na ya juu, kisha chumba kiitwacho ndani. Sakafu hupanda kidogo kila unapovuka. Mkibeba sinia la chai mnaijua kwa vidole vya miguu. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoingia kwenye siri ya watu wa nyumba, na mapambo huongezeka. Nje ukuta ni mtupu, huwezi kujua tajiri anakaa wapi, ila kwa mlango. Ndani, alikokaa mama na wanawe, ndiko fundi alikomaliza ustadi wake. Huko hakufika mgeni wa kiume hata awe nani. Na nyuma yake kabisa ni nyumba ya kati, wazee wetu walipozalia na walipooshea maiti.

Leo ndani ndicho chumba cha bei ya juu kuliko vyote, chumba cha fungate. Sisemi ni haramu. Nasema mjue mnatandika wapi.

Na mgeni alilala wapi zamani? Sabule. Chumba cha karibu na mlango, mbali na wenyewe. Mfanyabiashara aliyeletwa na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni alingoja upepo wa kusi umrudishe, na kusubiri huko ni kwa miezi. Alikula kwa mwenyeji, akalala kwa mwenyeji, na biashara wakaifanyia barazani. Kwa hiyo mtu akikwambia mzungu ndiye aliyeleta hoteli Amu, mwonyeshe sabule.

Wageni huuliza sana mbona vyumba vyembamba hivi, mikahawa mingine meza zimepangwa kama abiria wa mashua. Jibu liko juu ya vichwa vyao. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ngumu ya kubeba matumbawe na chokaa haizidi mita 3 hivi. Upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ukitaka ukumbi mkubwa, unaurefusha, huupanui. Mkoko ndio uliochora ramani ya nyumba zetu.

Zidaka zilikuwa za nini? Wapo wasemao ni pambo tu, wapo wasemao ni kinga ya jicho baya. Mimi namwendea malenga wa kale, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Katika utenzi wake Al-Inkishafi analia juu ya majumba yaliyoanguka ya Pate, mji wa kisiwa jirani, na moja ya anayoyalilia ni madaka, yaani zidaka hizi, yaliyowekwa sahani, sasa ndege wanatotoa humo. Basi vyombo vilikaa humo, na vilivyotukuzwa ni vya kauri kutoka China. Hoteli siku hizi huweka mishumaa. Mshumaa hutoa moshi, moshi hushika chokaa, na mwenye kusugua ni nani? Kama mnaweza kumshawishi msimamizi aweke taa ndogo, mtakuwa mmeokoa ukuta na migongo yenu.

Hapa nina donge. Hoteli moja niliyowahi kufanya kazi, jina nalihifadhi, ilitaka kiyoyozi chumbani. Fundi wa umeme akatoboa katikati ya zidaka, safu mbili zikaenda, na pembeni akaziba kwa saruji. Mvua za masika mbili hazikupita, ukuta ukaanza kutokwa na chumvi. Matumbawe hunyonya maji na huyatoa. Chokaa huyaachia njia, saruji huyafungia. Maji yakikosa pa kutokea husukuma, lipu inadondoka vipande. Wakapaka rangi. Ikadondoka tena pamoja na rangi. Mji huu ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na bado tundu lile lilitobolewa mchana kweupe, mimi nikishika ngazi.

Zidaka mpya pia zipo, na si aibu, mafundi wazuri tunao. Aibu ni kumwambia mgeni zina miaka mia tatu. Mtajuaje? Tazameni maua. Yakifanana yote kama biskuti za kiwandani, yametoka kwenye kalibu. Milango vivyo hivyo: nakshi ya kale ya mbambakofi ukingo wake umelainika pale mikono ilipopita, karibu na pete na mnyororo, lakini juu kwenye kizingiti ungali mkali. Nakshi iliyozeeshwa kwa msasa imelainika kote, hata mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

Viti vya enzi vya mapokezi sitavisema sana. Cha kweli ni cha mpingo, kimetiwa vipande vya pembe, mgongo na kikalio vimesukwa kwa kamba. Kilikuwa cha mgeni wa heshima. Nimeona kimoja kimewekewa mabegi. Mkitaka kujua ukubwa wa heshima hiyo, nendeni makumbusho mkaone siwa mbili, baragumu za sherehe, ya pembe ya Pate na ya shaba ya Lamu, halafu mrudi mtoe mabegi.

Maswali nitayajibu tukiwa njiani. Kuna nyumba moja mtaani, msimamizi wake ameturuhusu kuanzia saa sita, wageni wakishatoka, hadi saa nane wengine wanaposhuka kwenye boti. Viatu tutaviacha dakani. Simu wekeni mifukoni kwanza, picha mtapiga baadaye. Mkifika ndani kila mtu achague kidaka kimoja, apitishe kidole ukingoni, kisha aniambie ni mkono wa kulia au wa kushoto uliokikata.