Kufuli Haliko Kwenye Windows

Asanteni. Nyie wa nyuma sogeeni kidogo, kipaza sauti hiki kina mambo yake.

Swali mliloniletea naulizwa karibu kila wiki: "Kaka, laptopu yangu ina Linux," au "sina laptopu kabisa, nitarutije simu bila Windows?" Nasema kuruti, yaani kujipa mamlaka yote juu ya simu yako, si kuruta wa JKT, ingawa jasho ni lilelile. Nitajibu, ila nianze na kisa.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa ilikuwa T-Mobile G1, kazi ya HTC, Marekani, Oktoba 2008. Ilikuwa na kibodi inayoteleza kutoka chini ya kioo. Mwezi uliofuata jamaa mmoja alikuwa anachati na mpenzi wake. Alikuwa ametoka kuiwasha upya simu yake, mpenzi akauliza mbona kimya. Jamaa akajibu kwa neno moja: "reboot". Simu ikazima, ikawaka upya. (Kicheko.) Kumbe kulikuwa na dirisha la amri limeachwa wazi nyuma ya pazia. Kila herufi uliyoandika, hata kwenye meseji ya mapenzi, ilikwenda huko pia na kutekelezwa kwa mamlaka ya ruti. Wajanja wakaandika "telnetd", amri ya kuruhusu kuingia simuni kutoka mbali, mlango ukafunguka, wakaingia kama wenye nyumba. Hakukuwa na Windows wala waya. Google wakaziba upesi kwa sasisho.

Kwa hiyo simu ya kwanza kabisa ilirutiwa kwa vidole. Hiyo Windows imeingiaje kwenye maneno haya?

Android imekaa juu ya Linux. Kila app inapewa namba yake ya mtumiaji, kuanzia 10000 kwenda juu, ili app ya tochi isichungulie mafaili ya app ya benki. Namba 0 ndiyo ruti, mwenye nyumba. Wewe uliyetoa hela dukani ni mpangaji. Kuruti ni kuitwaa hiyo sifuri, na huitwai ila kwa njia mbili: upenye tunduni, au ufunguliwe mlango.

Njia ya tundu ndiyo iliyotuharibu akili. Juni 2014 George Hotz, yule aliyepata jina kwa kufungua iPhone akiwa bado kijana mdogo, alitoa Towelroot. Unaiweka kwenye simu, unabonyeza kitufe kimoja, kwisha. Ilipita kwenye kosa lililokuwa ndani ya kiini cha Linux chenyewe, ndiyo maana iliziweza simu nyingi, Galaxy S5 ikiwemo. Watu wakazoea. Tundu likishajulikana huzibwa, lakini matangazo ya "ruti kwa mbofyo mmoja" yamebaki kama mabango ya uchaguzi uliopita. Ukiona app ya namna hiyo inaahidi kuiweza simu ya mwaka jana, jiulize mwenye app anapata nini. Unampa mtu usiyemjua ile sifuri.

Tuje mlangoni. Ukiwasha simu, kabla Android haijaamka, huamka programu ndogo iitwayo butiloda. Kazi yake ni ya mlinzi wa geti: inakagua sahihi ya mfumo, ikiwa si ya kiwanda hupiti. Kufuli la simu yako liko hapa. Kwenye simu zinazoruhusu, unaingia mipangilio, unagonga namba ya toleo mara saba, menyu ya wasanidi inatokea, ndani yake unaruhusu kufunguliwa kwa butiloda. Kisha unaiingiza simu kwenye hali ya fastboot, ambamo butiloda husikiliza amri kutoka nje kwa waya, na kutuma amri ya kufungua. Simu itafuta kila kitu. Haikuonei, inamzuia mwizi asifungue geti akazikuta picha zako zote ndani. Hamisha vitu vyako kwanza.

Baada ya geti kuna Magisk, app ya kuruti aliyoianza John Wu mwaka 2016. Watu wengi hawajui kwamba sehemu ngumu inafanyika ndani ya simu yenyewe. Unachukua faili la boot.img, lile la kuiamsha Android, la fimwea (mfumo wa kiwandani) ileile iliyomo kwenye simu, au init_boot.img kwa nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 kwenda mbele. Magisk inalitia viraka, yaani inalibadilisha likupe ile sifuri, hapohapo simuni. Kompyuta imebakiwa na kazi ya tarishi: kulirudisha faili moja kwa amri ya fastboot. Na tarishi yeyote atafaa.

Kwenye Ubuntu, Linux mojawapo, unaandika "sudo apt install adb fastboot", basi. Mashine ikikuambia huna ruhusa ya kuigusa simu, ongeza kifurushi cha android-sdk-platform-tools-common, chomoa waya, chomeka tena. Bado haioni? Usilaumu Linux, tazama waya. USB ya kawaida ina nyuzi mbili za umeme na mbili za data, na waya nyingi za bei ya chini hazina zile za data. Simu inachaji vizuri kabisa, wewe unahangaika mpaka alfajiri.

Mwenye Pixel anaweza kuituma fimwea kupitia kivinjari cha Chrome tu.

Na asiye na laptopu? Hapa nawapa langu. Nilitia viraka boot.img ya toleo jingine, la miezi kama miwili nyuma, kwa uvivu wa kupakua GB 3. Simu ikaganda kwenye nembo. Umeme umekatika, laptopu imezima. Nikaazima simu ya mdogo wangu, nikachomeka kichwa cha OTG, kile cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, simu mbili zikalala mezani kama mama na mtoto wa kitovuni. Kwenye yake nilikuwa na app ya kutuma amri za fastboot. Nikairudisha boot.img halisi, na nembo ikapita. Tangu siku hiyo faili halisi silifuti.

Msinielewe vibaya, Windows kuna mahali inabana. Programu rasmi ya Xiaomi ya kufungulia butiloda ni ya Windows. Samsung wana Odin, programu ya Windows ya kutuma fimwea, na mwenzake wa Linux, Heimdall, haziwezi zote mpya. Simu nyingi zenye chipu za MediaTek zina programu yao, mtkclient, hiyo Linux inaendesha bila shida. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Hapo hata uletewe kompyuta kumi za Windows.

Naam, dada yangu pale? ... Anauliza app za benki. Nyingi zitagoma. Google wana ukaguzi uitwao Play Integrity, butiloda ikiwa wazi inasemwa. Watu wanacheza paka na panya nao, leo inapita, kesho haipiti. M-Pesa kwa *150*00# haijali, maana hiyo ni kazi ya mtandao wa simu, app haihusiki. Mimi natembea na mbili: hii ya pesa sijaigusa. Ile iliyorutiwa ni hii yenye ufa, haya ipitisheni muione, ila msiandike "reboot".