Umealikwa harusi Uskoti? Hivi ndivyo kilti inavyovaliwa

Hamjambo wapendwa, karibuni tena kwangu hapa Glasgow. Msimu wa harusi na mahafali umefika, na wadogo zangu wengi mnaosoma huku mmeanza kukodi kilti, ile nguo ya kiunoni kama sketi wanayovaa wanaume wa Uskoti. Mimi kazi yangu ni cherehani, nguo hizi zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo naomba mnisikilize. Wenyeji hawamkatai mgeni kuvaa kilti, wanafurahi sana. Kinachowauma ni kuiona imevaliwa hovyo.

Ngoja niisogeze karibu na kamera. Hii ni sufu, na kilti kamili ya kiasili inakula yadi 8 za kitambaa. Zote zimemezwa na haya marinda, na marinda yanakaa nyuma. Mbele hakuna marinda, ni vipande viwili vinavyopishana, na ukingo huu wenye matamvua unakuja upande wako wa kulia.

Sasa wengi mnaivaa nyongani kama suruali. Hapana. Kilti inakaa usawa wa kitovu, na bizimu unazikaza mpaka ikushike. Ukiishusha, upindo unafunika magoti na umbo lote linapotea. Upindo ukomee katikati ya goti. Fundi wa huku anakupigisha magoti: mwili ukiwa wima, upindo uachane kidogo tu na sakafu. Wazee wetu wa pwani wanaofunga kikoi wanajua hili, nguo ya kiunoni ikikaa vibaya, shati zuri halikuokoi.

Na hii pini, jamani! Haifungi vipande viwili pamoja. Inashika kipande cha juu peke yake, chini kulia. Ukivitoboa vyote, ukikaa tu vinavutana na sufu inachanika.

Mkoba wa mbele, sporani, unaning'inia katikati, kama upana wa kiganja chini ya bizimu ya mkanda. Mchana vaa wa ngozi, usiku wa sherehe ndio wa manyoya. Ukiingia kucheza usukume pembeni. Koti la suti yako ya kawaida liache nyumbani, ni refu, litafunika marinda. Mchana kuna koti la Argyll, jioni koti la Prince Charlie na tai ya kipepeo, na ukivaa kizibao mkanda hauhitajiki. Soksi zikunjwe vidole viwili au vitatu chini ya goti, utepe wa kufungia soksi utokeze upande wa nje. Kamba za viatu zizungushie kifundo, usizipandishe mpaka kwenye shavu la mguu.

Mnaniuliza kama tartani, yaani kitambaa cha mirabaraba, ya ukoo wa watu wengine inaruhusiwa. Hakuna sheria inayokukataza. Lakini muulize kwanza bwana harusi, kwa sababu mara nyingi familia imeshachagua. Na mjue mmevaa nini: baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambapo waasi wa Uskoti walishindwa na jeshi la serikali ya Uingereza, serikali hiyo iliwapiga marufuku wanaume wa nyanda za juu kuvaa nguo hizi. Kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili unapelekwa uhamishoni ng'ambo miaka 7. Marufuku ilifutwa mwaka 1782. Mimi nikipiga pasi marinda haya nawakumbuka wale watu, ndiyo maana nasisitiza.

Ndani je? Wapo wanaofuata desturi ya kijeshi ya kutovaa kitu. Wewe umekodi, kesho anavaa mwingine, kwa hiyo vaa boksa. Na kwenye dansi za huku mtu anazungushwa, marinda yanafunguka yote, na wakwe na watoto wapo ukumbini. Ukikaa, pitisha mkono nyuma uyalaze marinda chini yako, halafu magoti pamoja.

La mwisho ni sgian-dubh, kile kisu kidogo cha kwenye soksi. Sheria ya Uskoti inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa, lakini mlango wa ukumbi wanaweza kukikataa, na kwenye ndege usithubutu kukibeba mkononi. Kiweke kwenye begi la mizigo.

Wenye harusi Jumamosi hii, nitumieni picha kabla hamjatoka, ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma msisahau, nataka kuona marinda.