Anayekoroma Hahesabiwi

LEMA: Zai, sauti imekukauka.

ZAI: Itaachaje? Tangu Jumatatu nawasomea wanariadha dodoso la IPAQ, lile la kimataifa la kuuliza mtu anaushughulisha mwili kiasi gani. "Katika siku 7 zilizopita..." Vijana wa kambini, wastaafu, wote.

LEMA: Na ukomo wa dakika 180 umekusumbua?

ZAI: Sana. Kijana anakimbia dakika 120 asubuhi na 90 jioni. Jumla 210, lakini kanuni za uchakataji zinamwachia 180. Nusu saa imeyeyuka.

LEMA: Zinazobaki unazidisha kwa MET 8, yaani nguvu mara nane ya anayotumia mtu aliyetulia, wakati anayekimbia kilomita 16 kwa saa anakaribia MET 14.5. Umempunja mara mbili.

ZAI: Sasa swali la muda wa kukaa tu bila kujishughulisha. Katoka mazoezini, kajitupa kitandani. Nihesabu?

LEMA: Akiwa macho anatazama mpira, hesabu. Akilala usingizi, acha.

ZAI: Kumbe anayekoroma ana afya kuliko anayetazama mpira!

LEMA: Kwenye fomu, ndiyo.

ZAI: Basi mlangoni niweke mtu wa kusikiliza mikoromo.

LEMA: Na umlipe posho.

ZAI: Akisinzia yeye je?

LEMA: Naye hahesabiwi! Haya, turudi kwa wastaafu.

ZAI: Kwao nachora kalenda ya maisha. Kwanza tunajaza matukio: mtihani wa darasa la saba, timu ya taifa, ndoa, jeraha, kustaafu. Kisha kila kipindi nauliza: miezi mingapi kwa mwaka, siku ngapi kwa wiki, dakika ngapi, jasho kiasi gani. Usipoanza na matukio, anakupa mazoezi ya mwaka wake bora na kuyatandaza miaka yote.

LEMA: Hata ukianza nayo. Mimi naamini daftari lililoandikwa siku ileile.

ZAI: Daftari la kocha? Mara nyingi lina alichopanga, si kilichofanyika. Tena linaishia siku ya kustaafu.

LEMA: Hapo acha wazi, usijaze kwa kumbukumbu. Wafini walichukua wanaume walioiwakilisha nchi kati ya 1920 na 1965, wakawalinganisha na wenzao waliokutwa wazima walipopimwa kuingia jeshini. Wa mbio ndefu na michezo ya ustahimilivu walikadiriwa kuishi miaka 75.6, wenzao 69.9. Kumbukumbu ya mtu haikuhitajika.

ZAI: Umejua waliishi. Walifanya nini wakiwa na miaka 45?

LEMA: Sijui, na sitabuni.

ZAI: Kuuliza si kubuni, kaka.

LEMA: Kumuuliza mzee wa miaka 70 dakika za 1985?

ZAI: Simuulizi dakika kwanza. Namuuliza alikuwa anaishi wapi, anakimbia na nani, mtoto wa kwanza ana umri gani.

LEMA: Mwisho wa yote unaandika dakika.

ZAI: Na wewe unaandika nafasi tupu.

LEMA: Tupu ni kweli.

ZAI: Kama usingizi wa mchana.

LEMA: Usinirudishe huko! Fundi wa sauti anaonyesha imebaki dakika moja, na tuliwaahidi wasikilizaji mambo matatu kuhusu kipimo cha kiunoni, kile kifaa cha kurekodi mwendo wa mwili.

ZAI: Taja moja.

LEMA: Baiskeli hakiioni vizuri. Mengine wiki ijayo.