Mishono ya Wazi na Mavazi Mepesi: Kroshia Kutoka Mezani hadi Mabegani

Mabibi na mabwana, wafumaji wenzangu,

Wengi wetu tuliokusanyika hapa tulishika sindano ya kroshia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kitambaa cha meza au cha mgongo wa kochi. Vitambaa hivyo vimetandikwa katika sebule za Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa, na mikono iliyovifuma inajua tayari kazi ambayo wanafunzi wengi huiogopa, yaani kuacha tundu mahali panapostahili tundu na kulirudia bila kulikosea, mstari baada ya mstari. Hoja yangu leo ni kwamba ujuzi huo unatosha kabisa kufuma mtandio, kizibao cha kuvaa juu ya gauni, au pazia la dirisha linalopitisha upepo, mradi tukubali kuachana na mazoea fulani yaliyokifaa kitambaa cha meza, kwa sababu kile kilitakiwa kikae kimya juu ya mbao ilhali vazi linatakiwa lifuate mwili.

Tuanze na wepesi wenyewe unakotoka. Chukueni upana wa mishono mitatu. Katika ufumaji wa kujaza, upana huo hubeba nguzo tatu, na ninaposema nguzo nakusudia ule mshono mrefu ambao uzi huzungushwa mara moja juu ya sindano kabla ya kuiingiza. Katika mshono wa wavu, upana ule ule hubeba nguzo moja na minyororo miwili. Mnyororo mmoja hula uzi mchache sana kuliko nguzo, kwa kuwa ni kitanzi kimoja tu kilichopita ndani ya kingine, wakati nguzo ni vitanzi kadhaa vilivyopandiana. Kwa hiyo kila tundu ni uzi ambao haukununuliwa, haukufumwa, na hautabebwa na bega la mtu yeyote.

Hata hivyo tundu peke yake halitoshi, kwa maana wavu wa uzi mnene huweza kuwa mzito kuliko kitambaa kilichojazwa kwa uzi mwembamba. Ndiyo maana nawasihi msome karatasi iliyozungushiwa kidonge cha uzi, na msiishie kwenye gramu, bali mtazame mita. Kidonge cha gramu 50 chenye mita 280 na kingine cha gramu 50 chenye mita 85 huonekana karibu sawa kwenye kaunta ya duka. Mtandio unaohitaji mita 560 utakuwa na gramu 100 ukifumwa kwa uzi wa kwanza, na urefu huo huo wa uzi wa pili utafikia takriban gramu 330. Aliyevaa mtandio wa gramu 330 mchana wa Januari huku pwani hahitaji kuelezwa tofauti.

Kuhusu aina ya uzi, kwa nchi ya joto mimi ninaichagua pamba kabla ya kitu kingine chochote. Inafyonza jasho, haiwashi shingo, na inastahimili kufuliwa mara kwa mara. Uzi mwembamba wa pamba unaong'aa, ambao tumezoea kuununua kwa vitambaa vya meza, umepitia mchakato uliopewa hataza Uingereza mwaka 1850 na John Mercer, aliyetambua kwamba pamba ikitiwa katika maji ya kostiki soda hupata nguvu zaidi na kushika rangi vizuri. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ikaonekana kwamba uzi ukivutwa kwa nguvu wakati wa kutiwa dawa hiyo hupata pia mng'ao. Mng'ao huo una faida ya pekee katika mishono ya wazi, kwa kuwa unauonyesha ukingo wa kila tundu waziwazi. Pamba ina upungufu mmoja unaotakiwa kuheshimiwa: haina mnyumbuko wa sufu, na ikishavutika haijirudi yenyewe. Nitalirejea jambo hilo. Akriliki ni nafuu na ina rangi nyingi, lakini hushika joto mwilini, na ikiguswa na pasi kali hulegea moja kwa moja na haiwezi kurudishwa.

Sasa tuje kwenye sindano, na hapa ndipo mazoea ya kitambaa cha meza yanapotudhuru zaidi. Uzi wa pamba namba 10 umezoeleka kufumwa kwa sindano ya milimita 1.5 au 1.75, nao hutoa kitambaa kigumu chenye mistari mikali, jambo ambalo meza inalipenda. Uzi huo huo ukifumwa kwa sindano ya milimita 2.5 au 3, vitanzi hupumua na kitambaa huanza kuanguka kwa ulaini. Mfumaji mzoefu hulalamika mwanzoni kwamba kazi imelegea mkononi mwake. Imelegea kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Lililo gumu ni kuulegeza mstari wa kwanza, kwa sababu mnyororo wa kuanzia hukazwa na wengi bila kujua, na mtandio wenye ukingo uliokazwa hujikunja kwa upande mmoja hata ukifuliwa vipi. Dawa yake ni kuufuma mnyororo huo kwa sindano kubwa kidogo kuliko ile ya kazi nzima.

Mishono ya wazi ni mingi, nami sitaipitia yote. Wavu wa miraba nimeutaja. Mshono wa V, ambao ni nguzo, mnyororo mmoja na nguzo nyingine katika tundu lile lile, ndio ninaompa mwanafunzi mpya, kwa sababu katika mstari unaofuata sindano huingia katika nafasi iliyo wazi badala ya kutafuta kichwa cha mshono, na kazi huenda haraka. Kwa maoni yangu, ndio mshono bora wa kizibao, kwa kuwa una uwazi wa kutosha bila kuwa na vitanzi virefu vinavyoweza kunasa vifungo.

Mshono ninaotaka tuutulie zaidi ni fundo la Sulemani, kwani hakuna mshono wa kroshia ninaoujua unaofunika eneo kubwa hivi kwa uzi mchache hivi. Unafumwa namna hii. Tunakivuta kitanzi kilicho kwenye sindano hadi kiwe na urefu wa sentimita moja na nusu hivi, tunazungusha uzi na kuupitisha ndani ya kitanzi hicho. Tukitazama kwa makini tutaona nyuzi tatu zimesimama pamoja: mbili ni za kitanzi kilichovutwa, na ya tatu iko peke yake kwa nyuma. Sindano inaingizwa chini ya uzi ule mmoja wa nyuma, uzi unazungushwa na kuvutwa, kisha unazungushwa tena na kupitishwa katika vitanzi viwili vilivyoko kwenye sindano. Hapo kitanzi kirefu kimefungwa na hakiwezi kuteleza. Mafundo mawili yanayofuatana hufanya pande mbili za tundu lenye umbo la almasi, na katika mstari unaofuata tunayaunganisha kwa mshono mfupi, yaani ule ambao uzi hauzungushwi juu ya sindano kabla ya kuiingiza, katika fundo la katikati la mstari uliotangulia. Kitambaa kinachopatikana kina tabia ya jarife la mvuvi: sehemu kubwa yake ni hewa, na nguvu yake yote imo katika mafundo.

Uzuri wa fundo la Sulemani hutegemea usawa wa urefu wa vitanzi. Jicho la mtazamaji husamehe kosa dogo katika nguzo, lakini halisamehi kitanzi kimoja kirefu miongoni mwa vifupi. Wengine hupima kwa kidole. Mimi napendelea kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa upana unaotakiwa, ambacho kitanzi kinalazwa juu yake kabla ya kufungwa. Na niseme wazi kwamba mshono huu haufai kwa nguo za mtoto mchanga, kwa kuwa vidole vidogo hunasa kwa urahisi katika vitanzi vyake.

Wapo wanaoamini kwamba kroshia ni kazi ya mapambo ya nyumba tu, na kwamba kuivaa ni mtindo wa juzi. Historia inawapinga. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuharibu mazao ya viazi, kroshia ya uzi mwembamba wa pamba ilifundishwa kwa familia maskini ili wapate kipato, na katika mji wa Clones kazi hiyo iliongozwa kuanzia mwaka 1847 na Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa kanisa la pale. Wafumaji hao walifuma maua na majani kimoja kimoja, wakayapanga juu ya kitambaa, kisha wakayaunganisha kwa wavu mwepesi wenye vifundo vidogo ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina la mji huo. Kazi zao zilikuwa kola, vikono na baadaye magauni. Kinachonigusa katika habari hiyo ni kwamba walichokiuza kwa bei nzuri kilikuwa na uzi kidogo sana. Thamani ilikuwa katika mikono na katika mpangilio wa nafasi. Anayepanga bei ya mtandio kwa kupima gramu za uzi anajidhulumu, na ninawaomba muache kufanya hivyo.

Narudi kwenye tabia ya pamba. Vazi la wavu hurefuka kwa uzito wake lenyewe likitundikwa, na kizibao kilichokuwa kinafika kiunoni kinaweza kuteremka hadi kwenye nyonga baada ya kuvaliwa mara chache. Kwa hiyo sampuli ni ya lazima. Ifumwe ya sentimita 15 kwa 15, ifuliwe, ikaushwe, kisha itundikwe usiku kucha huku imebanwa vibanio vya nguo upande wa chini, na vipimo vichukuliwe asubuhi. Hesabu ya mishono ifanywe kwa vipimo hivyo, si kwa vile vya jioni. Njia nyingine, ambayo naiona bora kwa vizibao, ni kulifuma vazi kwa upande, kutoka mkono hadi mkono, ili mistari isimame wima na kuzuia mvuto wa kuteremka.

Kisha kuna kumalizia. Kitambaa cha meza tulikitia kanji, tukakinyoosha, kikasimama. Mtandio usiguswe na kanji. Ulowekwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuzwe, ukamuliwe ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha utandazwe juu ya godoro lililofunikwa shuka na kubanwa kwa pini zisizoshika kutu, kila ncha ikivutwa mpaka matundu yafunguke sawasawa. Kabla ya hatua hii kazi ya wazi huonekana imefinyangwa, na wengi huikatia tamaa au kuifumua wakati haijapata hata nafasi ya kujionyesha. Huku pwani, penye unyevu hewani, kukausha huchukua muda, na feni husaidia kuliko jua, kwa kuwa jua kali hufifisha rangi.

Kuhusu miisho ya nyuzi: katika kitambaa kilichojazwa, ncha hufichwa popote, lakini katika wavu hakuna pa kuificha. Uzi mpya uungwe pembeni mwa kazi, au ncha ipitishwe kwa sindano ya kushonea ndani ya nguzo, kwenda na kurudi, na isikatwe karibu sana kabla vazi halijafuliwa mara ya kwanza. Uzi ukikatika katikati ya vazi lililokwisha kuvaliwa, vitanzi vilivyo jirani vibanwe kwanza kwa pini ili visifumuke, kisha sehemu hiyo ifumwe upya kwa uzi wa kidonge kile kile, na kwa sababu hiyo kila kazi inayouzwa ni vyema iambatane na mita chache za uzi wake zilizosokotwa katika kifurushi kidogo. Vazi lenyewe lihifadhiwe likiwa limekunjwa, lisitundikwe kwenye henga.