Umefilisika, Sasa Umeitwa Kuhojiwa

HALIMA: Karibuni. Mimi ni Halima, na mwenzangu ni Musa. Leo tunarekodia sebuleni kwangu hapa South B, kwa hivyo mkisikia boda inapita ama mtu anauza mayai kwa kipaza sauti, vumilieni, ndiyo Nairobi hiyo.

MUSA: Chai ipo lakini. Studio hawatupi chai.

HALIMA: Mada ni ile mmeiomba sana kwenye jumbe zenu. Mtu binafsi amefilisika, mahakama imetoa amri, halafu anaitwa kuhojiwa. Musa ameyapitia mwenyewe. Mimi nimekuwa karani kwa wakili miaka mingi na nimewaona watu wakija asubuhi ya siku hiyo wamevaa suti ya harusi, midomo imekauka, hata jina lake anakuandikia vibaya. Sisi si mawakili, kwa hivyo ya kesi yako muulize wakili wako. Musa, wewe ilikuwa biashara gani?

MUSA: Spea za magari, Barabara ya Kirinyaga. Mzigo ulichelewa, mikopo ikapandana, aliyekuwa akininunulia kwa wingi hakulipa. Hadithi ya kawaida tu, dada, tusipoteze muda hapo.

HALIMA: Sawa. Nani alikuita?

MUSA: Ofisi ya Mpokeaji Rasmi, yule afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi. Ukishatangazwa mufilisi, mali yako inaingia mikononi mwa msimamizi, na mara nyingi ndiye huyo. Yuko chini ya BRS, Huduma ya Usajili wa Biashara, wale wale uliowaendea kusajili jina la biashara. Nilikuwa nimezoea kwenda kwao nikitabasamu.

HALIMA: Na sheria inayotumika ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Inakulazimu umpe msimamizi habari, umpe vitabu na stakabadhi, na ukiitwa ufike. Anaweza hata kumwita mke au mume wako, ama mtu mwingine anayejua mambo yako ya pesa. Kuna pia kuhojiwa hadharani mahakamani, lakini si kila mtu anafikishwa huko. Watu wengi wanaogopa hiyo ya mahakamani, kumbe ile itakayowakuta ni ya ofisini.

MUSA: Mimi nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele. Kichwani niliona madalali, askari, na chumba chenye taa moja!

HALIMA: Ukakuta nini?

MUSA: Meza, kompyuta, mafaili yamefungwa kamba, na mama mmoja mtaratibu sana, penseli mkononi. Mbele yake stetimenti yangu ya M-Pesa, kurasa na kurasa. Kuna mahali amepiga kistari pembeni. Shilingi 3,000, kila Jumapili jioni, nambari moja ile ile. Akaigeuza karatasi nione, akauliza, "Huyu ni nani?" Hata sauti hakupandisha. Nikakwama.

HALIMA: Alikuwa nani?

MUSA: Mamangu! Pesa ya unga na dawa za presha. Hakuna siri hapo, kijiji kizima kinajua. Lakini mimi masikio yangu yalisikia, "Unamfichia nani pesa?" Nikaanza kutoa maelezo marefu ya ukoo wetu, nani alizaliwa na nani, mama wa watu ananitazama tu.

HALIMA: Ndiyo nataka tukae hapo kidogo. Yule afisa ana wadai nyuma yake ambao watamuuliza pesa zilienda wapi. Kila kistari ni kazi anayoifunga. Ukimwambia "ni mama yangu mzazi, namtumia ya matumizi", anaandika, anasonga. Anayejieleza dakika kumi kwa swali la neno moja ndiye anayefunguliwa maswali mengine.

MUSA: Kweli. Baadaye nikatulia. Nilijifunza kuomba swali lirudiwe. Nikisharudiwa, nanywa maji, najibu. Hakuna aliyenikataza.

HALIMA: Na kama hujui?

MUSA: "Sina hakika, nitaangalia kwenye rekodi nikuletee." Hilo ni jibu kamili, bora kuliko kukisia. Lakini kweli umpelekee, usipotee.

HALIMA: Watu wanaogopa sana hilo, eti wataonekana wajinga. Unaulizwa gari uliuza bei gani miaka miwili iliyopita, unatupa nambari yoyote upate kutoka pale. Kesho karatasi ya mnunuzi inasema nambari nyingine. Sasa umegeuka mtu aliyesema uongo, na wewe ulikuwa umesahau tu.

MUSA: Nyingine ni lugha. Mimi niliuliza kama naweza kujibu kwa Kiswahili. Akasema bila shaka.

HALIMA: Nani angekunyima? Katiba ya 2010 imekiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Nimewaona watu wazima wakiitikia "yes, yes" kwa jambo ambalo hawajalielewa, eti wasionekane washamba. Halafu wanatia sahihi.

MUSA: Kabla ya kutia sahihi, soma. Afisa hakimbii.

HALIMA: Maswali yenyewe ni yapi? Maana mtu akijua yanayokuja, usingizi unapatikana.

MUSA: Unadaiwa na nani, tangu lini, kuna dhamana gani. Mali yako, ardhi, gari, hisa, akiba ya sako, chama. Nani anadaiwa na wewe, hata kama umekata tamaa naye. Mshahara na gharama za nyumba. Ulianza lini kuona mambo yanaharibika na ukafanya nini. Halafu lile lenyewe: umeuza, umempa au umemhamishia mtu yeyote kitu karibuni?

HALIMA: Aa, hapo! Hapo ndipo napatwa na hasira. Mtu anaona mawimbi yanakuja, anaenda kuandikisha shamba kwa jina la ndugu. Jirani kamwambia, "Ficha, hawatajua." Sheria inampa msimamizi uwezo wa kuifuatilia zawadi ya namna hiyo na kuirudisha kwa wadai. Na kuficha mali ni kosa la jinai. Kudaiwa peke yake si jinai. Ulikuwa na tatizo la pesa, jirani yako akakuongezea la pili, na yeye yuko nyumbani anatazama mpira.

MUSA: Na kuna vitu hata huna haja ya kuficha. Vifaa vyako vya kazi na vyombo vya nyumbani vya lazima, sheria inakuachia, kwa kiwango fulani. Mimi nilikuwa nimeshapanga spana zangu zilale kwa rafiki. Wakili akaniambia, ziorodheshe tu. Nikaziorodhesha. Bado ninazo.

HALIMA: Swali lipi lilikuuma zaidi?

MUSA: La wadhamini. Sako yangu, marafiki watatu walinisainia. Afisa alitaka majina yao. Nikajua kabisa kwamba mimi nikija kuachiliwa kutoka kwenye ufilisi, yaani madeni yangu yafutwe, wao dhamana yao haifutiki kwa sababu yangu. Nilishindwa kutazama juu. Akaninyamazia kidogo, akanisogezea tishu, tukaendelea.

HALIMA: Uliwaambia lini?

MUSA: Kabla ya siku hiyo. Wawili walinielewa. Mmoja hatusalimiani mpaka leo, na simlaumu.

HALIMA: Pole, ndugu yangu.

MUSA: Nimeshapoa. Endelea.

HALIMA: Kuna jambo linanishangaza kila mara. Watu wanaichelewesha ile taarifa ya hali ya kifedha, ile fomu ndefu ya mali na madeni, kwa sababu kuijaza kunaumiza. Wanaiweka chini ya godoro. Kumbe kwa kawaida mufilisi huachiliwa baada ya miaka 3, na hiyo miaka haihesabiwi tangu siku ya amri. Inahesabiwa tangu siku ulipowasilisha taarifa hiyo! Kila wiki unayoikimbia fomu, unajiongezea wiki.

MUSA: Na anaweza kutokea mtu akapinga usiachiliwe. Kama ulikuwa unajificha, umempa sababu. Pia kuna madeni hayafutiki hata ukiachiliwa, kama matunzo ya watoto uliyoamriwa na korti, au deni ulilolipata kwa ulaghai.

HALIMA: Fomu yenyewe inajazwaje bila kuzimia?

MUSA: Kidogo kidogo. Kwanza omba stetimenti zote, benki na simu. Risiti za duka zile za karatasi laini zinafifia, zipige picha mapema, maana zangu nyingi zilikuwa zimebaki nyeupe pe! Mikopo ya programu za simu iandike yote, hata ile ya shilingi 800 unayoionea aibu. Mke wangu alikuwa anasoma, mimi naandika. Siku nyingine tuligombana tukaacha.

HALIMA: Na mwenye deni dogo asikie hili. Kama huna mali yoyote ya kuuzwa na madeni yako jumla ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000, hujawahi kufilisika, kuna njia ya wasio na mali. Unaomba kwa Mpokeaji Rasmi mwenyewe, huendi mahakamani, na kwa kawaida unaachiliwa baada ya miezi 12. Watu wengi wa mikopo ya simu wako kwenye kundi hili na hawajawahi kuisikia.

MUSA: Laiti yangu yangekuwa hayo!

HALIMA: Tuje mwili sasa. Usiku wa kuamkia siku hiyo?

MUSA: Sikulala. Lakini nilikula asubuhi, kwa lazima, uji na mkate. Nikatoka mapema sana maana Barabara ya Mombasa huijui itakufanyia nini. Simu niliizima, kwa sababu wakopeshaji hupiga saa mbili kamili kama wameambiwa. Mke wangu alinisindikiza, akakaa nje. Kujua tu kwamba kuna mtu nje kulinisaidia.

HALIMA: Na ukitoka?

MUSA: Hapo hakuna aliyenionya. Ofisini nilikuwa sawa, nje magoti yakalegea. Tukatembea kwa miguu kutoka mtaa wa Community, ziliko ofisi, mpaka mjini, bila kuongea. Jioni nikalala saa moja usiku kama mtoto. Kama una ndugu wanaosubiri kukuuliza "imekuwaje?", waambie mapema utawaeleza kesho.

HALIMA: Na kama mawazo yanakupeleka pabaya, kwamba afadhali usiwepo, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu leo, au piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni bure. Nimeona deni likimpeleka mtu huko, na deni lenyewe lilikuwa na njia kisheria.

MUSA: Kabisa.

HALIMA: Swali la mwisho, la msikilizaji wa Kayole. Anauliza, bosi wangu ataambiwa?

MUSA: Afisa hatembei ofisi kwa ofisi akitangaza. Lakini tangazo la ufilisi huchapishwa, na lipo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye kutafuta ataona. Mimi nilimwambia bosi wangu mpya mwenyewe, kwa sababu nilihitaji ruhusa ya kutoka kazini. Akaniuliza kama ni siku nzima ama nusu.

HALIMA: Hilo tu?

MUSA: Hilo tu. Na alitaka nimalize hesabu ya stoo kwanza.

HALIMA: Basi anayeulizia kazi ya kampuni, ukiwa bado mufilisi huwezi kuwa mkurugenzi bila idhini ya korti, na ubunge pia usahau kwa sasa, Katiba inakuzuia.

MUSA: Ubunge nilikuwa sijaupanga, dada.

HALIMA: Wiki ijayo tunaye mwanamke aliyewahi kuwa mdhamini, upande ule mwingine wa meza. Tumeni maswali yenu kufikia Alhamisi, na msitutumie picha za vitambulisho tafadhali, tunazifuta. Musa, mimina chai.