Nani Kamwaga Samaki?

KESSY: Shikamoo Da Zuhu.

ZUHURA: Marahaba mdogo wangu. Wasikilizaji, karibuni. Kessy leo kaja na karatasi. Kaikunja mara nne kama hati ya kiwanja.

KESSY: Masomo matano ya kucheza kimya kimya kwenye mashindano ya televisheni kama Survivor, kule wachezaji wanaishi kambini na kutoana mmoja mmoja kwa kura. Na leo tunayamaliza yote.

ZUHURA: Tutaona. Kisa kwanza, kifupi. Jumamosi kulikuwa na kikao cha kamati ya harusi, tunachagua mweka hazina. Wawili wanaoitaka nafasi wamevutana saa nzima. Kuna baba mdogo mmoja amekaa pembeni, tangu kikao cha kwanza neno lake ni moja tu: "Tuendelee, muda." Mtu akauliza, kwani baba mdogo ana shida gani? Makofi. Leo daftari na michango iko kwake.

KESSY: Ndio nikapokea ujumbe saa nne usiku: "Kessy, wiki hii tuwajadili wanaojikausha."

ZUHURA: Soma karatasi yako.

KESSY: Somo la kwanza. Kucheza kimya hakuna maana ya kufunga mdomo. Maana yake jina lako lisitajwe pale watu wanapokaa kupanga nani atoke. Mfano wangu ni Sandra Diaz-Twine, Survivor ya Pearl Islands, Panama, 2003. Siku 39 hakushinda kinga binafsi, ile ya kutopigiwa kura, hata moja. Akafika mwisho na Lillian Morris, akambwaga kwa kura 6 kwa 1 za waamuzi, yaani wenzao waliokwisha kutolewa, akabeba dola milioni moja. Mchezaji mtulivu kabisa...

ZUHURA: Mtulivu?

KESSY: Mtulivu.

ZUHURA: Kessy. Samaki.

KESSY: Nilijua. Nilijua kabisa.

ZUHURA: Kwa wasioujua mkasa. Rupert, mvuvi wa kambi, mtu wa ndevu aliyependwa na Marekani nzima, anapigwa chini wakiwa wamebaki 8. Sandra alikuwa upande wake, kajaa hasira. Kambini kuna samaki. Anawamwaga! Watu wana njaa ya wiki nne, mama anamwaga kitoweo. Wewe unaniambia mtulivu.

KESSY: Lakini nani alilaumiwa?

ZUHURA: Christa.

KESSY: Na nani alitoka akiwa wa 6?

ZUHURA: Christa. Rafiki yake mwenyewe! Kwetu Tanga mtu akimwaga samaki, mtaa unajua kabla maji hayajakauka.

KESSY: Sasa hilo linanibeba mimi. Watu wa kambi walipopiga hesabu ya nani angeweza kufanya kitu kile, kichwa chao hakikwenda kwa Sandra. Jina lake halikuwa kwenye midomo yao hata kwa ubaya.

ZUHURA: Hapana, hapo ulifanya kazi mdomo. Sandra alikuwa mgomvi. Alikuwa anafokeana na watu hadharani, pua kwa pua. Ukimweka kwenye orodha ya wakimya unawapotosha wasikilizaji, mtu ataenda huko akae kama gogo, atolewe siku ya 3.

KESSY: Hilo la gogo nakubali, na liko kwenye karatasi. Mabaraza matatu ya mwanzo, vile vikao vya kupiga kura, watu hawatafuti mchezaji hatari. Wanatafuta jina la bei rahisi. Nani dhaifu kwenye mashindano, nani anawaudhi wenzake kambini, na tatu, nani akitoka hakuna atakayelala na hasira. Asiyeongea na mtu anaangukia hapo pa tatu.

ZUHURA: Dawa yake?

KESSY: Kazi na watu wawili. Kazi, namaanisha ile isiyo na bosi: kuchota maji, kutafuta kuni, kulinda moto usiku. Usigawe chakula. Mgawa wali hana rafiki, kila kijiko kinahesabiwa. Usisimamie ujenzi wa kibanda, kikivuja mvua ya kwanza ni cha kwako. Halafu watu wawili. Mmoja mwenye nguvu ambaye anapelekewa habari zote, mwingine asiyeangaliwa na yeyote. Ongea nao mmoja mmoja, njiani kwenda kisimani. Mkutano wa watu wanne ufukweni unaonekana kutoka mbali.

ZUHURA: Na jina?

KESSY: Usiwe wa kwanza kulitaja. Uliza, "Mnamfikiria nani?" Akitajwa mtu wako, usimtetee kwa sauti. Taja sababu ya mwingine kutoka, halafu mwache aliyekusikia akaiseme kama yake.

ZUHURA: Na akimwaga samaki?

KESSY: Da Zuhu...

ZUHURA: Nauliza kitaalamu. Mwongozo wako unasema nini kuhusu samaki?

KESSY: Unasema usimwage. Lilikuwa kosa, na bahati ikamwokoa. Angeonwa na mtu mmoja tu, baraza linalofuata anabeba mwenge wake kwenda kuzimiwa, ndiyo katoka.

ZUHURA: Mimi nasema bahati ni ndogo pale. Hebu angalia alivyokuwa anakaa. Siku zote mbele yake kuna mtu mkubwa kuliko yeye. Kwanza Rupert. Rupert ndiye anayevua, ndiye aliyechukua viatu vya kambi pinzani ya Morgan siku ya kwanza akavifanyia biashara kijijini. Macho yote kwake. Baadaye Burton na Jon wakawa wakubwa, Jon yule aliyedanganya kuwa bibi yake kafa. Ukiwa na mtu aliyemuua bibi yake kwa mdomo, nani anakukumbuka wewe?

KESSY: Huo ndio utulivu ninaousema! Kujificha nyuma ya mgongo wa mtu.

ZUHURA: Basi sema kujificha, usiseme kimya. Kimya ni kitu kingine.

KESSY: Nimeandika kwa kalamu, siwezi kufuta. Tuendelee, muda.

ZUHURA: Baba mdogo huyo!

KESSY: Somo la pili, hesabu. Hapa msifanye mzaha. Mmebaki 9, kundi lenu 6, wenzenu 3. Mnaogopa mmoja wao ana hirizi ya kinga mfukoni. Mnagawa kura: 3 kwa yule mnayemlenga, 3 kwa mwenzake. Wale watatu wanampigia mtu wenu. Hirizi isipotumika ni 3-3-3, kura inarudiwa, waliofungana hawapigi, mnabaki 5 kwa 1. Hirizi ikitumika, kura zenu 3 zinafutwa, inabaki 3-3, mnarudia, 5 kwa 2. Njia zote mnapita.

ZUHURA: Mpaka mmoja wa sita ahame.

KESSY: Mpaka mmoja ahame. Hapo wale wanakuwa 4, nyie 5 mmejigawa 3 na 2. Mtu wenu katoka na nne zake. Na wale watatu wakitafuta jina la kumshawishi mhamaji, hawamtaji kiongozi wenu, maana mhamaji atamwogopa. Wanataja mtu ambaye mhamaji hana deni naye. Mkimya wa kundi kubwa. Kwa hiyo kabla ya kila baraza la kugawa kura, jiulize nani kati ya watano wale angeumia wewe ukitoka. Ukikosa hata mmoja, omba msigawe, pigeni wote jina moja.

ZUHURA: Hiyo nzuri. Hiyo ingekuwa somo la kwanza.

KESSY: Asante.

ZUHURA: Ingekuwa bora zaidi ikiwa na samaki.

KESSY: Naruka. Natalie White, Survivor ya Samoa, 2009. Makambi yanaungana, Galu wako 8, Foa Foa 4. Natalie yuko kwenye wanne. Kwa hesabu wale wamekufa. Natalie anakaa na wanawake wa Galu, anawaongoza taratibu mpaka wanamtoa mwenzao Erik, ana hirizi mfukoni na hakuitumia. Ukuta wa Galu ukapata ufa pale. Mwisho amekaa na Russell Hantz na Mick, waamuzi 9. Natalie 7, Russell 2, Mick 0. Huo ni ushindi wa mkimya.

ZUHURA: Huko ni kushindwa kwa Russell.

KESSY: Tumeanza.

ZUHURA: Russell alitafuta hirizi zilizofichwa bila kupewa dalili yoyote, akazipata. Alimwaga maji ya wenzake, akachoma soksi ya Jaison. Kila mpango anautembeza yeye, kila uongo anautia saini yeye. Waliotolewa wakikaa kwenye benchi la waamuzi wanamwona yeye tu. Pale ungeweka hata jiwe karibu naye, lingepata kura 7.

KESSY: Jiwe lilikuwepo. Linaitwa Mick, lilipata 0.

ZUHURA: Kwa sababu...

KESSY: Subiri. Kama kura zile zilikuwa hasira tu dhidi ya Russell, zingegawanyika kati ya wawili waliobaki. Tatu kwa Mick, nne kwa Natalie. Zote 7 zilikwenda sehemu moja. Waamuzi walikuwa wanajua nani aliongea nao kisimani, nani alisali na Brett wa Galu. Na Erik, mtu aliyetolewa kwa kazi ya Natalie, ndiye aliyesimama kumpigia debe. Jiwe halipigiwi debe na liliyemjeruhi.

ZUHURA: Watu wenye hasira wanajua kuhesabu, Kessy. Ukitaka mtu akose, huzigawi kura zako, mnakubaliana uso mmoja. Mick alikuwa kiongozi wa kambi ambaye hakuongoza, wakaona bora binti. Yule binti alikuwa na jambo moja zuri, Erik, pamoja na yule panya aliyempiga kwa fimbo. Siku nyingine zilizobaki alikuwa anamfuata Russell.

KESSY: Kumfuata ndiyo kazi. Ngao haitembei yenyewe.

ZUHURA: Sawa. Chukua msimu wa Heroes vs. Villains, 2010. Walirekodi mara tu baada ya Samoa, Russell hajajua kama kashindwa. Kaenda na mchezo uleule. Kafika mwisho tena, na Parvati na Sandra wako. Sandra 6, Parvati 3, Russell 0. Misimu miwili, wanawake wawili tofauti wanashinda. Kilichofanana ni nini? Russell.

KESSY: Kilichofanana ni kwamba mara zote mbili kuna mtu aliyejificha nyuma yake akamwacha achafuke.

ZUHURA: Sandra hakujificha nyuma yake! Aliwaambia watu wa kambi pinzani ya Heroes mara kadhaa wamtoe Russell, wakakataa. Walipofika benchi la waamuzi wakakumbuka nani aliwaambia ukweli. Na alimchomea kofia!

KESSY: Kofia ni samaki wa pili.

ZUHURA: Kofia ni samaki wa pili, na tena kashinda! Yaani kila akiharibu mali ya mtu anapewa milioni.

KESSY: Hapana, siwezi kukubali Natalie aitwe jiwe.

ZUHURA: Na mimi siwezi kukubali mtu apewe sifa za kitu kilichoanguka chenyewe.

KESSY: Saba kwa mbili kwa sifuri, Da Zuhu.

ZUHURA: Nimesikia. Hata ukiitaja mara kumi.

KESSY: ...

ZUHURA: Usininunie. Somo la tatu.

KESSY: Tuna dakika ngapi?

ZUHURA: Fundi ananionyesha vidole vitano. Sasa vinne.

KESSY: Basi la tatu haraka. Tangu msimu wa 35 wa Survivor, mwaka 2017, mkibaki wanne mwenye kinga anachagua mmoja wa kwenda naye, wawili wanaobaki wanashindana kuwasha moto. Zamani mkimya angepita pale kwa kura. Sasa asipochaguliwa, hapiti bila jiwe la moto. Jifunze nyumbani: kwangua magnesiamu mpaka upate lundo, weka juu ya nyuzi za ganda la nazi zilizokauka, cheche zipige karibu, si kutoka juu. Wengi wanashindwa kwa kuharakisha kuni kubwa, moto unakosa hewa unazimika. Vijiti vya unene wa njiti ya kiberiti kwanza, kisha vya kidole. Unachohitaji ni mwali mrefu wa kukata kamba.

ZUHURA: Na kama umeshamwaga samaki, huna cha kuchoma.

KESSY: La nne ni Big Brother Afrika. Kule, mpaka msimu wa mwisho 2014, mtazamaji ndiye aliyekuwa anapiga kura, mambo yakageuka. Mtu aliyekwepa kuwekwa kwenye orodha ya kutoka wiki zote alifika fainali hana mashabiki, maana hawakuwahi kuitwa wamwokoe. Sisi Watanzania tulishinda mara mbili, Richard 2007 kwa dola 100,000, Idris Sultan 2014 kwa dola 300,000, na Idris...

ZUHURA: Idris mchekeshaji! Mkimya gani huyo?

KESSY: Ndiyo hoja yangu! Kule kimya hakikulipa...

ZUHURA: Lakini ukisema hivyo Natalie asingeshinda kule.

KESSY: Asingeshinda. Kwa hiyo kule alikoshinda, alishinda kwa mchezo wa kule.

ZUHURA: Kwa Russell.

KESSY: Kwa Erik!

ZUHURA: Vidole viwili.

KESSY: La tano lilikuwa zuri kuliko yote. Sandra aliporudi mara ya tatu, msimu wa Game Changers, 2017, hakukuwa na mgongo wa kujificha, yeye ndiye mgongo. Ndipo alipotolewa kwa kura kwa mara ya kwanza maishani. Na Winners at War, 2020, akamuuzia mchezaji mwenzake Denise hirizi kwa bei ya vipande viwili vya moto, ile fedha ya mchezo, Denise akaitumia kumtoa yeye mwenyewe. Sasa hapo kuna jambo la bei ambalo...

ZUHURA: Kidole kimoja.

KESSY: Nusu dakika tu. Ukiuza hirizi, kwanza unahesabu...

ZUHURA: Wasikilizaji, karatasi inarudi mfukoni. Jumamosi nina kikao cha nne. Baba mdogo anasoma mapato.

KESSY: Muulize kama ana samaki.

ZUHURA: Mama mkwe mtarajiwa kaagiza changu kilo ishirini, wanalala kwenye friza ya mweka hazina.

KESSY: Da Zuhu, nani anakaa karibu na hiyo friza?