Kiboko Kinapewa Sifa Isiyo Yake

Walimu wenzangu, wakuu wa shule, na ninyi makocha mliokaa kule nyuma, asanteni. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, na nitaendelea kulisema mpaka fimbo zitoke kwenye ofisi za walimu.

Nilipokuwa darasa la saba tulikuwa na jaribio la hesabu kila Ijumaa. Jumatatu mwalimu anaingia, karatasi zetu kwapani, fimbo ya mpera mkononi. Walioshika mkia wanachapwa, aliyeongoza anapigiwa makofi. Wiki inayofuata, wengi wa waliochapwa wamepanda, na yule wa makofi kashuka. Mwalimu anatufunulia daftari la alama: "Mnaona? Sifa zinawalevya, fimbo inawaamsha." Hakuwa mwongo. Alama zilikuwepo pale, kwa kalamu nyekundu. Nami nilimwamini, nikaja kushika fimbo mwenyewe, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Miaka ya 1960 Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, alikuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Akawaambia sifa hujenga kuliko ukali. Mkufunzi mmoja mzoefu akasimama, akakataa katakata. Nikimsifu aliyerusha vizuri, akasema, mara ya pili anaharibu. Nikimfokea aliyeharibu, mara ya pili anarekebisha. Maneno yaleyale ya mwalimu wangu! Kahneman akachora alama ya chaki sakafuni, akamtaka kila mmoja aipe mgongo na kurusha sarafu mbili bila kutazama. Wakapima umbali. Wengi waliokaribia kwa sarafu ya kwanza walikwenda mbali kwa ya pili, na waliokwenda mbali wakakaribia. Hakuna aliyesifiwa wala kufokewa.

Mimi hufanya hivyo na walimu kwa vizibo vya soda. Wanarudia mara tatu, wanapima kwa rula, wanataka kuona kosa liko wapi. Halipo.

Alama ya siku moja imebeba vitu viwili: anachokijua mtoto, na siku yenyewe. Siku ina homa, ina msiba nyumbani, ina maswali yaliyoangukia mada ambayo hakuisoma. Wanaoshika mkia wengi wao wamekutwa na siku mbaya. Wiki ijayo siku hiyo haijirudii, alama inapanda, umchape usimchape. Watafiti wanaita kurejea kwenye wastani. Fimbo imesimama tu pembeni, ikachukua sifa.

Najua kuna anayejisemea: mbona sisi tulichapwa na tumefika? Mzee wangu, humu ukumbini tumo tuliofika. Waliotoroka shule kwa kuogopa Jumatatu hawajaalikwa, huwezi kuwauliza. Mwingine anasema, basi juhudi ni bure? Sijasema hivyo hata kidogo. Mtoto aliyepanda majaribio sita mfululizo amejifunza, mpongeze. Ninachokataa ni kusoma jaribio moja kama hukumu, halafu mtoto alipe kwa ngozi yake. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko vinne.

Makocha, muda umenibana, niwape moja. Bas ter Weel alichunguza ligi kuu ya Uholanzi, misimu ya 1986 hadi 2004. Timu iliyoporomoka ikimfukuza kocha, hupanda. Lakini timu zilizoporomoka vilevile zikabaki na kocha wao, nazo zilipanda. Nendeni mkawaambie viongozi wa klabu zenu kabla hawajavunja mkataba mwingine.

Ya maofisini, zile tathmini za mwaka na mfanyakazi anayeitwa mzembe kwa robo moja mbaya, nayaacha. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Ombi langu ni hili. Muhula huu, wale kumi wa mwisho kwenye jaribio la kwanza, usimguse hata mmoja. Andika alama zao, na pembeni uandike za jaribio linalofuata. Daftari hilo niletee, hata kama limeonyesha kinyume cha nilichosema leo. Nitakuwa hapo mlangoni, njooni mchukue namba yangu.